Baridi ya Othaya si Friji

Wengi wetu tukitoa nyama kwenye friza huiacha mezani usiku kucha. Tunasema hapa ni baridi, milima ya Nyandarua iko hapo juu tu, nyama itaharibika vipi?

Bakteria huanza kuzaana haraka joto likipita nyuzi 5 za Selsiasi, na jikoni kwetu hupita hapo hata Julai. Nyama huyeyuka nje kwanza. Katikati ikiwa bado barafu, juu bakteria wameongezeka kwa saa nyingi, na baadhi yao huacha sumu isiyoisha hata ukichemsha.

Mwenye friji aihamishe nyama kutoka friza hadi rafu ya chini, ndani ya bakuli, maji yake yasidondokee kachumbari. Kuku mzima huhitaji kama siku nzima. Wageni wakija ghafla? Itumbukize kwenye maji baridi ikiwa imefungwa isiingie maji, ubadilishe maji kila nusu saa, kisha uipike papo hapo. Maji moto hapana.

Asiye na friji aitie sufuriani ikiwa imeganda. Muda wa kuchemsha utaongezeka kama nusu, lakini itaiva. Ya kuchoma ndiyo isiwekwe motoni na barafu: itaungua nje, ndani ibaki mbichi.

Stima ikipotea, usifungue friza ovyo. Ikirudi, nyama yenye barafu bado igandishe tena. Iliyoyeyuka na kukaa na joto zaidi ya saa 2 itupe, hata kama ni mguu mzima wa mbuzi.