Diwani Aulizwe Kuhusu Asilimia 10

Msikilizaji, ushuru unaolipwa sokoni leo unaingia halmashauri, na sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe bila riba kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ilisitisha mikopo hiyo baada ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kukuta vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa. Inauma. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na watu wake anawajua mtaa kwa mtaa. Kikundi kisichokuwepo kilimpitaje? Mikopo imerejea. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi; twende tukasikilize, kisha tumuulize diwani, kata yetu imekopesha nani, na nani amerejesha.