Rola za Wino za Mitambo ya Chapa, na Sababu ya Kuzipandisha na Kuzishusha

Wasikilizaji, mtu apokeapo risiti ya fedha, au cheti cha shule, au chupa ya dawa iliyobandikwa karatasi ya maagizo, husoma maneno tu, wala hautazami wino. Hana sababu ya kuutazama. Walakini ikiwa tarakimu ya 6 imejaa wino hata ikafanana na 8, au neno "pale" likasomeka kama "pole", hapo ndipo atakapouliza ni nani aliyepiga chapa hiyo. Mara nyingi lawama humwangukia mpanga herufi, ilhali herufi zake zilikuwa sahihi kabisa. Kosa limo katika kitu kilichopita juu ya herufi hizo kwa muda usiotimia sekunde moja, nacho ni rola ya wino.

Hotuba hii yahusu rola hiyo, na hasa jambo moja ambalo wapiga chapa wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 200, yaani namna ya kuiweka rola katika kimo chake, isiwe juu mno wala chini mno.

Kila aliyewahi kuingia katika ofisi ameona muhuri wa mpira. Karani akiugusisha muhuri kidogo juu ya kidau cha wino, alama hutoka safi. Akiukandamiza kwa nguvu, wino huingia katika mabonde yaliyo kati ya herufi, na alama hutoka kama doa. Upigaji chapa wa herufi za risasi ni ndugu wa muhuri huo. Uso wa herufi umeinuka, na ni uso huo peke yake unaotakiwa kupakwa wino. Mabavuni mwa herufi na ndani ya matundu yake, kama lile tundu dogo la "e" au la "a", hapatakiwi kufika kitu.

Zamani, tangu siku za Gutenberg wa Mainz katikati ya karne ya 15, wino haukupakwa kwa rola. Ulipakwa kwa mipira miwili ya ngozi iliyoshindiliwa sufu au manyoya ya farasi na kutiwa mpini wa mti. Mtu mmoja aligonga-gonga herufi kwa mipira hiyo, na mwenziwe akavuta mkono wa mtambo. Ngozi ilikuwa haina budi kubaki laini, na ili isikauke usiku wapiga chapa waliiloweka katika mkojo. Haishangazi kwamba vyumba vya chapa vya siku zile vilijulikana kwa harufu yake kabla ya mtu kufika mlangoni.

Wengi walitamani kuiacha mipira hiyo. Lord Stanhope wa Uingereza, ambaye mtambo wake wa chuma ulijulikana mwanzoni mwa karne ya 19, alijaribu kutengeneza rola za ngozi, lakini zilimshinda, kwa sababu ngozi ikizungushwa juu ya mti lazima iwe na mshono, na mshono huacha alama kila uzungukapo. Hata mtambo wa mvuke wa Friedrich Koenig, uliopiga chapa gazeti la The Times la London tarehe 29 Novemba 1814 kwa mwendo wa karatasi 1,100 kwa saa, ulianza kwa rola zilizovikwa ngozi. Dawa ilitoka mahali pasipodhaniwa. Katika viwanda vya vyombo vya udongo vya Staffordshire, watu walikuwa wakitumia kitu laini kilichopikwa kwa gundi na asali nyeusi ya miwa ili kuhamisha michoro. Wapiga chapa wakakichukua, wakakiyeyusha, wakakimimina katika bomba lenye mhimili katikati, na kikaganda. Ikatoka rola isiyo na mshono, laini kama shavu la mtoto, yenye kushika wino na kuuachia sawasawa.

Lakini gundi na asali ya miwa hupenda maji. Hewa ikiwa na unyevu, rola huvimba. Hewa ikiwa kavu, husinyaa. Joto likizidi hulainika, na likizidi zaidi huyeyuka kabisa na kuchuruzika juu ya herufi. Katika Uingereza na Marekani viwanda vilikuwa na rola za majira ya joto na nyingine za majira ya baridi, zilizopikwa kwa vipimo tofauti. Msikilizaji na afikiri basi jinsi mambo yalivyo katika nchi yenye pwani na nyanda za juu. Gazeti la African Standard lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na A. M. Jeevanjee, na mwaka 1910 likahamia Nairobi likiwa na jina la East African Standard. Mombasa hewa ya bahari ni nzito na ya joto usiku na mchana. Nairobi iko juu kwa mita zaidi ya 1,600 na asubuhi yake ni ya baridi. Rola ya gundi ihamishwayo kutoka mji mmoja hata mwingine haiwezi kubaki na unene ule ule, na hata katika mji mmoja haiwi saa nane ya mchana kama ilivyokuwa saa mbili ya asubuhi.

Herufi, kwa upande wake, haibadiliki. Katika nchi zilizofuata kipimo cha Kiingereza na cha Kimarekani, kimo chake kutoka mguuni hata usoni ni inchi 0.918, yaani milimita 23.3 hivi. Hapo ndipo penye shida yote. Kitu kisichobadilika kimo chapakwa wino na kitu kinachobadilika unene kila siku. Asiyeweza kuipandisha rola yake na kuishusha atapiga chapa nzuri siku ambazo hali ya hewa inampenda tu.

Ni vema kueleza jinsi rola inavyokwenda katika mtambo mdogo, kama ile iliyotengenezwa na Chandler & Price katika mji wa Cleveland, Marekani, kuanzia miaka ya 1880. Juu ya mtambo mna sahani ya chuma ya mviringo iliyopakwa wino, nayo huzunguka kidogo kidogo. Chini yake zimesimama herufi, zimefungwa katika fremu ya chuma. Rola mbili au tatu, zilizoshikwa kwa mikono yenye springi, hupanda juu ya sahani kuchukua wino, kisha hushuka juu ya herufi na kurudi, na wakati zinapokuwa juu ya sahani karatasi hukandamizwa juu ya herufi. Katika kila ncha ya rola pana gurudumu dogo, na gurudumu hilo hupita juu ya reli iliyo ukingoni mwa mtambo. Reli ndiyo ibebayo rola, wala si herufi. Rola yatakiwa iguse nyuso za herufi kwa wepesi, kama mtu apitishaye kiganja juu ya majani ya mpunga bila kuyalaza.

Rola ikiwa chini mno, huzigonga herufi za kwanza inapozifikia, kisha huruka kidogo na kutua tena. Hapo ukingo wa ukurasa hutoka mweusi na matundu ya herufi hujaa. Tarakimu za 3, 6, 8 na 9 huanza kufanana, na "chama" huwa "choma". Mistari myembamba ya shaba iliyopangwa kati ya safu hukata rola kama kisu, na rola iliyokatwa haiponi. Rola ikiwa juu mno, baadhi ya herufi hazipati wino wa kutosha. Kijiti cha katikati cha "e" hupotea ikawa "c", na shingo ya "h" ikafifia hata ikafanana na "n". Mtoto anayejifunza kusoma kwa kitabu kilichopigwa chapa namna hiyo huonekana mzito wa akili, kumbe anasoma sawasawa kile kilicho mbele ya macho yake. Na karatasi ya dawa isemayo vijiko 3, ikasomwa 8, si jambo la kuchekea.

Tena ipo hila nyingine ambayo wengi hawaitambui mapema. Gurudumu na rola viko juu ya mhimili mmoja, kwa hiyo yapasa viwe na unene mmoja. Mkokoteni wenye gurudumu moja kubwa na jingine dogo hauwezi kwenda vizuri, kwani moja litaburuzwa. Vivyo hivyo rola iliyovimba ikawa nene kuliko magurudumu yake haiviringiki juu ya herufi, bali huteleza, na kupangusa wino upande mmoja wa kila herufi. Chapa hutoka na kivuli, utadhani imeandikwa na mtu mwenye kutetemeka. Kwa ajili hiyo yalibuniwa magurudumu yenye tairi la mpira lililobanwa kati ya vipande viwili vya chuma. Nati ikikazwa, mpira hutokeza nje na gurudumu huwa kubwa, ikilegezwa, hupungua. Rola ikivimba, gurudumu nalo lakuzwa kuifuata. Mitambo iliyokuja baadaye ilitiwa ufundi bora zaidi. Katika mtambo wa Heidelberg wa Ujerumani, ambao mikono yake hujichukulia karatasi yenyewe, reli za rola zaweza kuinuliwa na kuteremshwa; na katika mitambo ya Vandercook ya Chicago ziko skrubu kila upande, hata fundi aweza kuinua ncha moja ya rola asiiguse ya pili.

Wenye mitambo ya zamani, ambayo reli zake zimelika kwa kazi ya miaka mingi, hawakukaa bure. Walibandika utepe juu ya reli, tabaka moja, kisha la pili, mpaka rola ikainuka ya kutosha. Wengine waliweka pande mbili za fremu vipande virefu vya chuma au vya mti vyenye kimo sawa na herufi, ili rola ipate pa kuegemea isitumbukie. Ni kazi ya masikini, lakini imepiga chapa vitabu vingi vizuri.

Kipimo chenyewe ni rahisi na hakihitaji elimu kubwa. Fundi huchukua kipande cha chuma kilichochongwa kwa kimo kile kile cha herufi. Rola zikiwa zimekwisha kupakwa wino, hukipitisha chini ya kila rola, kwanza upande wa kushoto, kisha wa kulia. Rola huacha mstari wa wino juu ya chuma hicho. Mstari wenye upana wa milimita 3 hivi, yaani sehemu ya nane ya inchi, waonyesha kwamba rola iko mahali pake. Mstari mnene waonyesha rola iko chini mno. Pasipo mstari, rola haigusi. Mstari ukiwa mnene kushoto na mwembamba kulia, rola imeinama, na hapo hakuna budi kugeuza skrubu ya upande mmoja tu, kidogo, kisha kupima tena.

Kazi hiyo yachukua dakika chache, na bado ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mwenye haraka akiona chapa imefifia huongeza wino. Wino ukiongezwa, zile herufi zilizokuwa zikiguswa vema hujaa, na zile zisizoguswa hubaki vile vile. Ndipo akaze mgandamizo wa karatasi, na herufi za risasi, ambazo ni laini na za gharama, huanza kubonyea. Kufikia jioni ameharibu karatasi, amechakaza herufi, na mwenye kazi hataki kulipa. Laiti angalianza kwa kile kipande cha chuma.

Tangu katikati ya karne ya 20 upigaji chapa wa bamba lililo sawa, unaotegemea kwamba maji na mafuta havichangamani, ulianza kuchukua mahali pa herufi za risasi, na siku hizi magazeti na vitabu vingi hupigwa kwa njia hiyo. Rola za gundi nazo ziliondoka, zikaja za mpira na za plastiki ambazo haziyeyuki kwa joto. Mtu angedhani shida imekwisha. Sivyo. Mpira huvimba kwa dawa za kuoshea, na ukizeeka huwa mgumu na kung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Katika mitambo hii mipya fundi husimamisha mashine, huzishusha rola juu ya bamba, huziinua, na kupima upana wa mstari zilioacha, kisha hugeuza skrubu. Mtambo mmoja huwa na rola nyingi za wino na za maji, na kila moja yataka mstari wake.

Ile mitambo ya zamani haikutupwa yote. Katika nchi nyingi bado hutumika kutia namba katika vitabu vya risiti, kutoboa vitundu vya kuchania karatasi, na kukata makasha. Anayeutunza mtambo wa namna hiyo huosha rola zake jioni, huzitoa, na kuzisimamisha au kuzitundika kwa ncha za mihimili. Rola iliyoachwa usiku kucha imelalia sahani hupata ubapa upande mmoja, na asubuhi hakuna skrubu iwezayo kuinyosha.