Bima ya Wazee na Hospitali Iliyoshika Soko

Kila mwaka, kuanzia Oktoba 15 hadi Desemba 7, wazee wa Marekani huweza kuchagua upya mpango wao wa Medicare, bima ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1965. Kampuni binafsi zinazouza mipango ya Medicare Advantage hufurika kwenye televisheni zikinadi matibabu ya meno, miwani, na mipango isiyo na ada ya kila mwezi. Lakini pale ambapo mtoa huduma mmoja ameshika soko, swali kubwa ni hili: je, hospitali yake itaipokea kadi ya bima hiyo?

Mji wa Pittsburgh unatoa fundisho. Taasisi ya afya ya UPMC inamiliki hospitali nyingi huko, na papo hapo inauza bima. Iligombana kwa miaka na kampuni ya bima ya Highmark, hadi mwaka 2019 wateja wa Highmark wakawa hatarini kutenganishwa na madaktari wao. Mwanasheria Mkuu wa Pennsylvania, Josh Shapiro, alikwenda mahakamani. Juni mwaka huo pande hizo zikafikia makubaliano ya miaka 10.

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Kwa hiyo tangazo la bima lianze kwa kutaja hospitali na madaktari waliomo, na mkataba wao unakwisha lini. Wasimamizi nao wazuie mikataba kuvunjwa katikati ya mwaka, wakati mzee ameshafungwa na uamuzi wake. Maradhi ya mzee yasigeuzwe silaha ya kugombea bei.