Hatia za Awali na Urefu wa Kifungo: Sheria Inavyotumika Garsen na Tana River

Hatia ya awali ni kosa ambalo mahakama ilikwisha kumtia mtu hatiani kwalo kabla ya kesi inayomkabili sasa. Katika sheria ya jinai ya Kenya, hatia hiyo kwa kawaida haitumiki kuamua kama mshtakiwa ametenda kosa jipya. Hutumika kupima adhabu yake. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ushahidi kinakataza, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kufufua makosa ya zamani ya mshtakiwa wakati kesi ingali inasikilizwa. Aliyeshtakiwa kwa kuiba mbuzi hujibu juu ya mbuzi huyo tu.

Wizi wa mifugo ndio mfano unaoelezeka vizuri zaidi katika kaunti ya Tana River, ambako Waorma na Wawardei hufuga na Wapokomo hulima kandokando ya mto. Kanuni ya Adhabu huweka kifungo kisichozidi miaka 3 kwa wizi wa kawaida, lakini kifungu cha 278 hupandisha kikomo hadi miaka 14 aliyeibwa akiwa ng'ombe, ngamia, kondoo au mbuzi. Kikomo hicho hakipandi kwa sababu ya rekodi ya hatia za awali. Rekodi hufanya kazi chini yake, katika nafasi pana ambayo hakimu ameachiwa kuamua.

Utaratibu wa kuipima rekodi ni ule ule, iwe katika korti ya Garsen au ya Hola, zote za kaunti hiyo. Mshtakiwa akishapatikana na hatia, hakimu humuuliza mwendesha mashtaka kuhusu rekodi yake. Mara nyingi jibu huwa fupi: hana rekodi, achukuliwe kuwa mkosaji wa mara ya kwanza. Rekodi ikiwapo, husomwa: korti gani, mwaka gani, kosa gani, adhabu gani. Mshtakiwa huulizwa kama anaikubali, kisha hupewa nafasi ya kuomba ahurumiwe. Hakimu anaweza pia kuitisha ripoti ya afisa wa probesheni, anayezungumza na jamaa, chifu na aliyeibiwa.

Mshtakiwa akiikana rekodi, ni juu ya upande wa mashtaka kuithibitisha. Kifungu cha 142 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinataja nakala iliyoidhinishwa ya kumbukumbu za korti, au cheti cha mkuu wa gereza, pamoja na ushahidi kwamba aliyefungwa wakati ule ndiye huyu aliye kizimbani. Sharti hili la mwisho lina uzito Tana River, ambako majina kama Mohamed, Hassan, Omar na Abdi hurudiwa nyumba hadi nyumba. Jina la mtu, la baba na la babu yanaweza kufanana yote matatu, na bado wakawa watu wawili. Ndiyo sababu sheria inakubali ulinganishaji wa alama za vidole.

Si kila doa ni hatia. Kukamatwa, kushtakiwa kisha kuachiliwa, au kesi ambayo haijaamuliwa, havihesabiwi. Mzozo uliosuluhishwa na wazee wa Gasa wa Wapokomo, fidia ikalipwa, hauachi hatia ya mahakama, ingawa Katiba katika ibara ya 159 inautambua usuluhishi wa kimila. Sheria za watoto nazo, tangu ile ya mwaka 2001, zimekataza hata kutumia maneno hatia na adhabu kwa mtoto aliyefikishwa Mahakama ya Watoto.

Sababu ya kurefusha kifungo ni kwamba anayekosa mara ya kwanza hupunguziwa. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Francis Muruatetu mwaka 2017, iliorodhesha ukosaji wa mara ya kwanza miongoni mwa mambo ya kumpunguzia mtu adhabu, na miongozo ya Idara ya Mahakama kuhusu adhabu, ya 2016 na 2023, inaitaja rekodi ya makosa kuwa jambo la kuiongeza. Anayerudia hupoteza huruma aliyokwisha kuonyeshwa. Haadhibiwi upya kwa kosa la zamani, kwani adhabu yake alikwisha kuitumikia.

Baadhi ya sheria huenda mbali zaidi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 39, humruhusu hakimu kumtangaza mwenye hatia zaidi ya moja kuwa mkosaji hatari, na kuagiza awe chini ya uangalizi wa muda mrefu. California, Marekani, ilipitisha mwaka 1994 sheria ya kosa la tatu, inayomrefushia kifungo anayerudia. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani iliidhinisha kifungo cha miaka 25 hadi maisha kwa mwizi wa fimbo 3 za gofu. Hapo rekodi ililimeza kosa lenyewe.

Aliyefungwa na hakimu ana siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu ya Garsen. Kwa kawaida ukali wa kifungo hauwezi kupelekwa mbele zaidi, kwa kuwa kifungu cha 361 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinauzuia katika Mahakama ya Rufaa. Hivyo kosa la kupima rekodi lisiporekebishwa Garsen, kwa kawaida halirekebishwi tena. Rekodi inayomwongezea mtu miaka ni sharti isomwe waziwazi, ithibitishwe ikikanwa, na ipimwe kwa umri wa rekodi hiyo na kwa ukaribu wake na kosa jipya. Kifungo kilichorefushwa bila hatua hizo hakistahili kusimama.