Meneja Aujue Muwa

Mkulima wa Musanda, upande wa Mumias magharibi mwa Kenya, akipanda muwa leo, atangoja takriban mwaka mmoja na nusu kabla ya kuuvuna. Akishaukata, hana tena muda wa kungoja: ukilala siku mbili tatu bila kusagwa, unakauka, uzito unapungua na sukari iliyomo inaharibika.

Sasa trela likikosa kufika shambani, mwenye kosa ni nani? Meneja wa uchukuzi atasema afisi ya fedha haikutoa pesa za mafuta. Wa fedha atasema mauzo hayajaingia. Wa mauzo atasema kiwanda hakina sukari. Wa kiwanda naye: miwa haijafika. Wote wanasema kweli, na miwa iko pale pale juani.

Tazama kiwanda cha sukari cha Mumias. Kilianza kusaga miwa mwaka wa 1973. Mwaka wa 2001 kikaingia soko la hisa la Nairobi. Mwaka wa 2009 kikawasha mtambo wa umeme wa megawati 34, na baadaye kikajenga wa ethanoli. Miradi mizuri, sibishi. Lakini umeme ule ulitoka kwa makapi, ethanoli kwa molasi, na vyote viwili kwa muwa ule ule wa mkulima. Mkulima alipocheleweshewa malipo, aling'oa miwa akapanda mahindi, au akamuuzia anayelipa upesi. Bidhaa zote zikayumba pamoja. Septemba 2019, benki ya KCB iliyokuwa ikikidai ikateua msimamizi wa kukiendesha.

Sababu za anguko hilo ni nyingi, sukari ya magendo na madeni zikiwemo. Ila kuna moja hatuitaji sana kwa sababu haina makelele. Mhasibu asiyelijua shamba huona malipo ya mkulima kuwa gharama inayoweza kusogezwa mbele. Mwezi huo vitabu vyake vinapendeza, na bodi inampongeza. Pengo linatokea msimu wa baadaye, miwa isiyopandwa inapokosekana kiwandani, na huenda wakati huo bwana huyo keshapata kazi kwingine. Anayeulizwa ni meneja wa kilimo! Yule mhasibu ujuzi wa hesabu alikuwa nao. Alichokosa ni kujua kwamba pesa anazozizuia ndizo mbegu na mbolea.

Desemba 2021 kiwanda kilikodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda. Mitambo sina neno nayo, mafundi wapo. Lakini kabla meneja wa fedha hajapewa kiti, ningempeleka Musanda wakati wa mavuno. Apande trela, asome risiti ya mizani, kisha amweleze mama mwenye ekari moja ya miwa pesa zake zitatoka lini. Na asimwambie "hivi karibuni". Amtajie tarehe.