Kukatwa Mara Mbili: Mtumishi wa Umma na Makato Yasiyofika

Mada kwa semina ya maafisa wa mishahara na viongozi wa Sacco



Nimeombwa kuzungumzia mbinu za mtumishi wa umma kukabiliana na mapato yanayopungua. Maoni ni yangu. Hayaifungi taasisi iliyonituma.

Ufafanuzi usitucheleweshe. Mshahara wa jumla ni ule ulioandikwa pamoja na marupurupu, na mshahara halisi ni ule unaofika benki. Katikati yake pana makato ya lazima, yanayotokana na sheria, na makato ya hiari, yanayotokana na sahihi ya mtumishi mwenyewe. Likizo bila malipo ni likizo bila malipo. Tuendelee.

Mwezi Machi 2020 Rais wa Kenya na Naibu wake walitangaza kujipunguzia mshahara kwa asilimia 80, na nchi nzima ikasikia. Mwalimu na karani hawakutangaziwa kitu. Wao walipunguziwa ndani ya hati ya mshahara. Mpango mpya wa pensheni ya watumishi wa umma ulianza Januari 2021 kwa mchango wa asilimia 2 ya mshahara wa msingi, ukapanda hadi 5, kisha 7.5. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5 ya mshahara wa jumla. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya jamii inachukua asilimia 2.75. Mtumishi wa mshahara wa jumla wa shilingi 60,000, wa msingi ukiwa 40,000, zamani alikatwa 1,300 za NHIF, mfuko wa awali wa bima ya afya. Sasa anakatwa 3,000 za pensheni, 1,650 za afya na 900 za nyumba. Nafuu ya kodi ipo, lakini haizibi pengo lote.

Ushauri unaotolewa katika semina kama hizi mnaujua: punguza matumizi, epuka mikopo ya simu, weka akiba katika Sacco. Ushauri mzuri. Shida yangu, kwa miaka mingi sasa, ni kwamba anayeufuata ndiye anayeumia zaidi.

Naomba mwenyekiti wa kikao anivumilie hapa. Mwajiri anamkata mtumishi 8,000 za Sacco. Hati ya mshahara inaonyesha zimekatwa. Sacco haijazipokea. Mgao wa Hazina ya Kitaifa unapochelewa na kufika nusu, mwajiri hulipa kwanza mishahara halisi, kwa sababu mtumishi asiyelipwa atagoma. Sacco haigomi. Makato yanabaki kama tarakimu katika vitabu, na fedha zenyewe zinakwenda kulipia dharura nyingine. Ripoti za SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco, zimetaja vyuo vikuu vya umma na serikali za kaunti mwaka hadi mwaka, na orodha haibadiliki sana.

Matokeo yake kwa mwanachama hayasemeki kwa upole. Mkopo wake unahesabiwa kuwa haulipwi. Wadhamini wake, ambao ni wenzake wa ofisi moja na wamekatwa vilevile, wanaandikiwa barua. Akiomba mkopo wa karo ananyimwa, anaishia kwenye simu yake, kwa mikopo ile ile tuliyomwonya nayo. Sacco nayo inakopa benki ili ihudumie wanachama, na gawio linashuka.

Sheria ipo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika kinampa mwajiri siku saba kuwasilisha makato. Akichelewa, anadaiwa riba ya kujumlishwa isiyopungua asilimia 5 kwa mwezi. Shilingi 100,000 zikikaa mwaka mmoja zinakaribia 180,000. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaliita jambo hili kosa la jinai. Mbona basi halikomi? Kwanza, mwenyekiti wa Sacco ni mwajiriwa wa huyo huyo anayepaswa kumshtaki. Pili, hata ukishinda, Sheria ya Mashtaka ya Serikali hairuhusu mali ya serikali kunadiwa, na tangu marekebisho ya 2015 kinga hiyo inazihusu kaunti pia. Unabaki kurudi mahakamani kuomba afisa mhasibu aamriwe kulipa. Tatu, Sacco zenyewe husamehe riba ili zipate angalau deni la msingi, na mwajiri akishajua riba itasamehewa, kuchelewa hakumgharimu kitu. Nasema hivi kwa heshima zote kwa waajiri walio ukumbini.

Mapendekezo. Makato yalipwe siku moja na mshahara halisi, kwa hati moja ya malipo. Mgao ukifika nusu, wote wapate nusu. Najua vyama vya wafanyakazi havitapenda. Hati ya mshahara ionyeshe tarehe ambayo makato ya mwezi uliopita yaliwasilishwa. Sacco zipeleke dai siku ya nane, si mwezi wa nane, na nakala iende kwa Kamishna wa Ushirika, ambaye sheria inamruhusu kushtaki kwa niaba ya chama. Hivyo mwenyekiti wa Sacco hatalazimika kumshtaki bosi wake. Riba isisamehewe bila azimio la mkutano mkuu. Malipo ya mkopo yaliyokatwa lakini hayajafika yawekewe safu yake katika vitabu, mwanachama asipelekwe CRB (ofisi ya kumbukumbu za mikopo) wala mdhamini asisumbuliwe kwa fedha zilizokwisha kukatwa. Mwanachama naye atunze hati zake zote na kuzilinganisha na taarifa ya Sacco kila mwezi. Anayekwenda likizo bila malipo aandikiane na Sacco kabla hajaondoka, maana jina lake likitoka kwenye orodha ya mishahara makato husimama lakini deni halisimami. Kaunti zinazoendesha mishahara nje ya mfumo rasmi ziache, kwani huko ndiko makato yanakopotea bila alama.

Narudia lile la siku moja, hati moja, kwa sababu nimelileta katika vikao vingine na likaandikwa kwenye kumbukumbu tu. Safari hii lipewe afisa wa kulifuatilia. Na waajiri watakaotujibu kwamba suala "linashughulikiwa" waombwe kuandika tarehe.