Taa za kuongeza ku minibisi yetu

Maneno ya komisyo ya usafiri mbele ya mkutano wa wanachama. Tunayaandika hapa juu ya wandugu wa Mboko na Lusenda ambao hawakuweza kufika.



Mkutano uliopita mulituuliza swali, na halikuwa swali baya: gari iko na taa mbili, zinawaka, kwa nini tena mutoe feza ya mituweli kununua zingine? Mama mmoja aliongeza kwamba kwa feza ile tungenunua bati za nyumba ya wajane. Tulimsikia. Bei zote ziko ku karatasi ya mweka hazina, kila mtu anaweza kuzisoma. Sisi leo tunasema juu ya kazi yenyewe, halafu mutaamua.

Kwanza munajua kanuni yetu: usiku minibisi haitoki. Inatoka paka kwa mgonjwa, na sana sana kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, tunapompeleka ku hospitali ya Nundu. Ile safari haiwezi kungoja asubuhi. Na barabara ya namba 5, kutoka Uvira kwenda Baraka, ni kama kilomita 90 za mashimo, madaraja membamba na watu. Usiku watu hawaishi barabarani. Kuna mwenye kutoka ziwani na nyavu, kuna mwenye kusukuma kinga ya mihogo bila taa, kuna mbuzi amelala katikati kwa sababu udongo ungali na joto la mchana. Shoferi anamwona nani, na anamwona akiwa mbali kiasi gani? Njo swali lenyewe.

Tufanye hesabu kidogo. Gari ikienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde inapita karibu mita 17. Shoferi akiona mtu, sekunde moja inapita mbele mguu haujakanyaga freni. Halafu gari yenye kujaa watu, juu ya mchanga na changarawe, inahitaji tena mita 25 ao 30 kusimama. Jumla ni zaidi ya mita 40. Taa za kode, zile za kushusha, zikiwa safi na zimepangwa vizuri, zinaonyesha kama mita 50 hivi. Kwa hiyo hata gari nzuri inabaki na mita chache tu za kusamehe. Gari yetu haifiki pale.

Sababu si uzee tu. HiAce yetu ilitengenezwa kwa inchi ambako magari yanapita kushoto, ikaingia kupitia Dar es Salaam, volani kulia. Sisi tuliokaa Lugufu na Nyarugusu tunajua: kule Tanzania unapita kushoto, hapa kwetu unapita kulia. Sasa, fare za gari hazimuliki sawasawa pande zote. Zile za kode zinatengenezwa makusudi zinyanyue mwangaza kidogo upande wa pembeni ya barabara, ili shoferi aone waenda kwa miguu, na zishuke upande wa gari inayokuja. Fare za kushoto zinanyanyua kushoto. Ukizileta Kongo, upande wa kushoto njo anakotoka mwenzako. Unamtia mwangaza machoni, na pembeni ya kulia, ambako mtoto anatembea, munabaki giza. Gari yetu nayo ni mrudiaji, lakini macho yake yangali yanatazama njia ya kule. Tulishangaa kuona wachache sana wanajua jambo hili, hata ku magaraji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuongeza taa. Ni kubadilisha zile fare mbili, tuweke zilizotengenezwa kwa njia ya kulia. Bila hiyo, taa za kuongeza zitakuwa kama kumpa kipofu miwani.

Kazi ya pili njo taa za kusaidia. Tumependekeza mbili, za halojeni, wati 55 kila moja, za balbu ya H3 ambayo inapatikana Uvira bila shida. Vijana walitaka ule mstari mrefu wa taa za LED unaofungwa juu ya paa. Tunawaelewa, unapendeza, tena unakula moto kidogo. Lakini ile ya bei rahisi inamwaga mwangaza kila upande bila mpango, na ikiharibika huwezi kubadilisha balbu, unatupa yote. Tena juu ya paa si mahali pake. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara yetu ni kama ukungu. Taa ikiwa juu ya macho ya shoferi, mwangaza unagonga vumbi na kumrudia usoni. Taa ikiwa chini, mbele ya bampa, inapita chini ya macho yake, na kila shimo linatoa kivuli. Shimo lenye kivuli unaliona mapema.

Sasa waya. Hapa tunaomba mutuvumilie, kwa sababu hapa njo magari yanawaka moto.

Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Ku bateri ya volti 12, zinavuta ampea 9 na kitu. Fundi wa haraka anazifunga moja kwa moja ku waya wa fare, zote zipite mu swichi ileile ya volani. Ile swichi haikutengenezwa kwa mzigo huo. Inapata joto, plastiki inayeyuka, na siku moja taa zote zinazimika pamoja katikati ya mlima. Kwa hiyo tunaweka rele. Rele ni kama mlinzi wa mlango: waya mwembamba unamwambia fungua, naye anafungua njia ya waya mnene. Waya mnene unatoka ku bateri, unapita mu fyuzi ya ampea 15, unaingia ku mguu wa 30 wa rele, unatoka ku 87 kwenda ku taa. Miguu 85 na 86 ni ya ule waya wa amri.

Fyuzi ikae karibu kabisa na bateri. Ikikaa mbali, kipande cha waya kati ya bateri na fyuzi hakina mlinzi, na injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele, pale pale mama mgonjwa anaweza kuwa amekaa. Waya ukisuguliwa na chuma ukachubuka, hakuna cha kuukata. Njo maana kila mahali waya unapopita mu tundu la bati lazima tuweke mpira, na fyuzi ikikatika hatuweki kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Tunatafuta kilichoikata.

Unene wa waya: milimita 2.5 za mraba, shaba kweli. Waya mwembamba unakula volti njiani, na volti 1 ikipotea, mwangaza wa halojeni unapungua karibu robo. Watu wanadhani balbu ni mbaya, wananunua za wati 100, zinachoma soketi. Waya wa masi nao ufungwe ku chuma kilichokwanguliwa rangi, halafu kipakwe grisi juu ya kutu.

Jambo moja la Toyota: nyingi hazikati fare ku upande wa chanya, zinakata ku masi. Ku fare, waya wa chanya una moto saa yote taa zikiwashwa, na swichi inachagua masi ya kode ao masi ya taa za mbali. Fundi asiyepima atafunga rele kinyume, na taa zitawaka na kode na kukataa kuwaka na taa za mbali. Apime kwanza na taa ya majaribio.

Amri ya rele tunaitoa ku taa za mbali. Shoferi akishusha kode kwa kumheshimu mwenzake, taa za kusaidia zizimike zenyewe pamoja. Na ku waya ule tunaongeza swichi ndogo karibu na mkono wa shoferi, na hii tunaiomba kwa nguvu kuliko zote. Munajua bariera za usiku. Unapofika, unapunguza mwendo ukiwa mbali, unashusha taa, unawasha ya ndani ili waone sura za watu na mgonjwa. Askari mwenye kumulikwa machoni na taa nne hajui kama munabeba mama wa kuzaa. Shoferi asianze kutafuta swichi gizani wakati ule.

Juu ya bateri: taa za mbali pamoja na hizi mbili ni karibu ampea 19. Injini ikiwa inatembea, alternateri inaweza. Injini ikizimwa ku lango la hospitali na taa zikabaki, bateri ya ampea-saa 70 inaisha nusu mbele ya saa mbili kupita. Konvuayeri njo mwenye kazi ya kuangalia.

Mambo madogo tunayapita mbio. Waya wa masi wa bateri unatolewa kwanza, na unabaki nje wakati wote wa kuchomelea. Vibao visizibe upepo wa radiateri. Balbu ya halojeni isishikwe na vidole, mafuta ya ngozi yanaipasua ikipata joto. Glasi zifutwe kila safari. Vumbi linaiba mwangaza bure.

Inabaki kupanga taa. Gari inasimama mahali pa usawa, mita 10 mbele ya ukuta. Kode inapaswa kuanguka sentimita 10 chini ya kimo cha fare yenyewe. Taa za kusaidia, katikati ya mwangaza wake iwe chini kidogo ya kimo cha taa, wala isipande. Lakini HiAce ikijaa inakaa nyuma na kuinua pua, na taa zote zinapanda nayo. Ukizipanga gari ikiwa tupu, siku ya safari zitamulika majani ya miti.

Kwa hiyo, kama mkutano unakubali, fundi atafanya kazi wiki hii, na Jumamosi saa moja ya jioni tunapanga taa ku ukuta wa ghala letu. Tunahitaji watu 14 wa kukaa ndani ya gari bila kutikisika kama nusu saa. Wazito wanakaribishwa mbele ya wengine. Majina yaandikwe kwa karani.